Kikohozi cha Mtihani

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Tarehe imetoka! Mtihani wangu wa vitendo ni Ijumaa ya wiki ijayo, asubuhi, wodi ya wanaume. Mtahini anatoka nje ya chuo. Mkali, wanasema. Hacheki hata akitekenywa.

Nikishindwa safari hii, basi tena. Kwaheri tiba ya muziki, narudi kwa shangazi kufua mapazia. Mara ya kwanza nilishindwa kwa sababu niliimba kikao kizima, mgonjwa hakupata hata nafasi ya kupiga mwayo. Kamati ilitaka kunifungashia virago palepale. Msimamizi wangu ndiye aliyesimama kunitetea. Alisema kijana ana moyo, kilichobaki ni kumfunga mdomo. Kamati ikamcheka, hakujali. Mama yule! Nitamshukuru hadi siku naingia kaburini.

Tunamwita Mama Kimya. Somo lake ni lilelile kila siku: kimya nacho ni muziki, msubiri mgonjwa. Mimi wenzangu wananiita Redio. Hapo ndipo kwenye shida.

Mgonjwa wangu ni Refa. Alichezesha mpira miaka mingi, akastaafu, kiharusi kikamkuta bafuni. Mkono wa kulia umelala, maneno yamekwenda. Anaelewa kila unachomwambia, utani mpaka umbea, lakini akitaka kujibu hakitoki kitu. Ila akiimba, maneno yanatoka! Ndivyo ubongo ulivyo. Njia ya kusema imeziba, ya kuimba iko wazi. Basi kazi yangu ni kuchukua sentensi ya kawaida, kuitia kwenye noti mbili, moja chini moja juu, huku nampigapiga mkono wa kushoto taratibu. Naimba nusu, nanyamaza, yeye anamalizia. Siku zikienda, napunguza kuimba kidogo kidogo mpaka abaki anasema. Kazi nyepesi kwa mwenye subira.

Sentensi nimeshachagua: "Naomba maji." Inaimbika vizuri mno.

Leo nikaimba "Naomba..." nikanyamaza. Refa akanitazama. Nikamtazama. Akakunja midomo. Ulimi ukaanza kuniwasha. Mwisho nikamalizia mwenyewe, "maji!", tena kwa sauti safi sana. Refa akaingiza mkono kwenye mfuko wa pajama, akatoa kadi ya njano, akaninyooshea usoni. Mkewe alimletea kadi zake za kazini na siku hizi ndizo anazosemea.

Mama Kimya alikuwa mlangoni. Aliniambia baadaye kwamba nilisubiri muda wa mtu kumeza mate.

Si kitu. Njano si nyekundu. Namshukuru Refa kwa huruma yake.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimekwenda kumchungulia Bi Kinanda upande wa wanawake. Huyu ni mwanafunzi mwenzangu. Mtihani wake alishaupita, tena kwa alama za kutisha. Nilitaka nione anafanya nini.

Hafanyi kitu! Amekaa. Bibi wa watu akabonyeza kinanda mara moja, naye akabonyeza palepale mara moja. Kimya kikapita, ungeweza kupika chai na kuinywa. Bibi akabonyeza tena, akatabasamu. Mama Kimya akafuta machozi. Jamani! Mtu anapewa alama kwa kukaa tu!

Nikarudi kwa Refa nimevimba. Nikaimba "Naomba..." na kabla sijaharibu, vumbi likanikaba. Nikakohoa kidogo, kikohozi cha adabu, mkono mdomoni.

"Maji!" akaimba Refa.

Nikaganda. Nikaimba tena "Naomba..." nikakohoa kusudi. "Maji!" Mara ya tatu, vilevile!

Hapo ndipo akili iliponijia. Kikohozi si neno. Kikohozi hakimo kwenye kitabu chochote cha tiba ya muziki. Siku ya mtihani nitaimba nusu, nitanyamaza kwa heshima zote, nitakohoa kama mtu yeyote, na mgonjwa atamalizia. Mtahini ataona subira ya ajabu. Mama Kimya atatembea kifua mbele mbele ya kamati iliyomcheka. Nafanya yote haya kwa ajili yake, jamani, si kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu pia, lakini kidogo.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mambo yameiva! Siku mbili tumefanya mazoezi kule dirishani, mwisho wa wodi, wakati manesi wanapanga dawa. Refa ana kichwa chepesi. Sasa sihitaji hata kuanza. Nakohoa tu, anaimba sentensi nzima, chini na juu, kwa ufasaha. Nampa maji, anakunywa, ananipigia saluti kwa mkono wa kushoto. Nakaribia kulia kwa furaha.

Nyumbani nimefanya mazoezi ya kikohozi chenyewe mezani. Kisiwe kizito, kisiwe cha kuigiza. Shangazi aliweka kijiko chini akaniuliza chakula kina nini. Shangazi anaamini nasomea kupiga muziki wa harusi, nami sijapata nafasi ya kumsahihisha tangu mwaka wa kwanza. Akaninywesha dawa ya kifua, chungu kama shubiri. Nimekunywa bila kinyongo. Nani mwingine duniani angejali kikohozi changu?

Bi Kinanda nimemkomesha kidogo. Nimeficha manyanga yote ya idara kwenye kabati la mashuka, ili kikao chake kipooze. Akaazima funguo za Nesi Mkuu, akawapa wagonjwa wakatikisa. Wamezipenda kuliko manyanga. Mama Kimya amesema huo ndio ubunifu unaotakiwa kazini. Nimeng'ata kalamu mpaka imepasuka.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mama Kimya aliniuliza leo, kwa upole, kama nilishamuuliza Refa mwenyewe anataka kusema nini. Nikajibu kwamba kila binadamu anataka maji. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miwani haikuwa na uchafu wowote. Najua maana yake.

Mchana mkewe Refa akaja. Mama mnene, mchangamfu, mshonaji wa sare za shule, cherehani yake iko chumba cha uani. Alinieleza mambo yalivyo. Daktari yuko tayari kumruhusu mumewe, lakini yeye anaogopa. Akiwa uani na cherehani inanguruma, mzee akianguka huku ndani, au akishikwa na haja, atamwitaje? Kadi ataiona nani? Kadi haina sauti. Akisikia anaitwa, hata mara moja tu, atamchukua nyumbani siku hiyohiyo. La sivyo, atabaki hapa hapa, na nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Akasema Mungu anizidishie, kwamba tangu nianze na mumewe uso wake umerudi. Refa akamwangalia mkewe, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Akahangaika. Nikaona anatafuta kitu, nikamkoholea ili kumsaidia.

"Naomba maji!" akaimba.

Mkewe akampa maji huku analia kwa furaha. Refa akayanywa. Lakini hakunipigia saluti. Alinitazama tu, muda mrefu, kama mtu aliyenyang'anywa tonge na jirani.

Aibu ilinishika kidogo. Ikapita nilipofika kituoni.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Balaa! Balaa tupu!

Kitanda cha jirani na Refa kimepata mgonjwa mpya. Amevunjika mguu, maskini, lakini mguu si tatizo. Tatizo ni kifua. Mzee huyu kavuta sigara ujana wake wote, na akianza kukohoa hukohoa kwa awamu, anawaka, anazima, anawaka tena. Manesi wameshambatiza: Jenereta.

Nilisikia tangu kwenye ngazi. Kikohozi. "Naomba maji!" Kikohozi. "Naomba maji!" Nikapanda mbio. Nesi mmoja alikuwa anatoka na jagi tupu, mwingine anaingia na jagi limejaa. Nesi Mkuu mwenyewe akanipa mkono. Eti mgonjwa aliyekuwa bubu wiki iliyopita leo anaongea tangu alfajiri! Eti nimeleta muujiza wodini! Nikasema tumshukuru Mungu. Ningesema nini tena?

Refa tumbo limejaa kama ngoma. Ameshapelekwa chooni mara nyingi hata nesi ameanza kumsindikiza bila kuulizwa. Na anayakataa maji kwa kichwa, lakini nani atamwamini kichwa wakati mdomo unaimba? Jenereta alipowaka tena, Refa akaziba mdomo kwa kiganja. Wapi! Sauti ikatokea kwenye vidole. Akatoa kadi ya njano, akajionyesha mwenyewe.

Hapo moyo uliniuma. Kweli uliniuma. Nikaapa nitalimaliza jambo hili. Kwa kumtibu Jenereta.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nimenunua pipi za kikohozi, zile za kuwasha koo. Nikampa Jenereta moja. Kimya! Akainyonya kwa raha, wodi ikatulia, Refa akapata usingizi. Nilijipongeza sana.

Pipi ikaisha. Jenereta akanitazama, akakohoa. Nikampa nyingine. Baadaye kidogo, akanitazama, akakohoa. Hata kikohozi chenyewe kilikuwa cha kinafiki, nakijua, mimi ni fundi wa vikohozi. Jioni pipi zilikuwa zimekwisha zote, na mzee wa watu sasa anakohoa kila akiona koti langu.

Yaani nimewafundisha wagonjwa wawili kwa mpigo. Angalau hakuna anayeweza kusema sina kipaji cha ualimu. Jenereta amenishukuru kwa moyo wote. Kasema hajawahi kupata daktari mkarimu kama mimi. Sikumsahihisha.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimekwisha. Mama Kimya alipita wodini, akasimama mbele ya Refa. Akakohoa. "Naomba maji!" Akangoja kidogo, akakohoa tena. "Naomba maji!" Akatoka nje, akaenda mpaka mwisho wa korido, nikamsikia anakohoa kule mbali. Refa akaimba, macho yamefumbwa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa.

Akarudi. Akanitazama. Hakusema neno.

Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikusema neno. Tukasimama hivyo. Kisha akaniaga, akaenda zake. Huenda ni mafua tu. Msimu wenyewe ni wa mafua. Namshukuru kwa kutouliza.

Nikamwomba Nesi Mkuu amhamishe Jenereta. Akauliza sababu. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu, mwangwi wa chumba. Akanijibu kwamba yeye ana wagonjwa wengi kuliko vitanda, mwangwi nikauhamishe mwenyewe. Basi nikavuta kiti, nikakaa katikati ya vitanda viwili, nimeshika mito miwili, mmoja kila upande, kuzuia sauti. Jenereta akawaka. Kwa kuwa nilikuwa nimemgeukia, chote nilikipokea mimi usoni.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Sauti imekwenda! Nimeamka nafungua mdomo kumsalimia shangazi, umetoka upepo. Shangazi akafurahi kwanza. Baadaye akaingiwa na huruma, akanifukiza kwa maji ya moto chini ya taulo, akanifunga skafu yake ya maua shingoni. Alilia kidogo, akisema harusi zitapigwa na nani sasa. Shangazi yangu! Kama asingekuwepo sijui ningekuwa wapi.

Mtihani kesho, na Redio imekatika.

Jioni Bi Kinanda akaja nyumbani. Nilijua amekuja kunicheka. Alileta asali. Akasema manyanga ameyaona kwenye mashuka tangu Ijumaa, ameyarudisha, na hakumwambia mtu. Kwa ishara nikamwomba anisaidie: nifanyeje kesho bila sauti? Akasema jambo moja tu. Nisiimbe. Nimshike Refa mkono, nipige ile noti ya chini na ya juu mkononi mwake, halafu ningoje. Nikamwuliza kwa kuandika, ningoje mpaka lini? Akasema mpaka yeye atakaponijibu.

Mtego mtupu! Anataka nikae kama gogo mbele ya mtahini. Hata hivyo nimemwandikia ahsante kwa herufi kubwa, kwa sababu asali ilikuwa nzuri.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Nianzie mlangoni.

Mtahini ana mafua! Mama mrefu, miwani ya kamba, leso mkononi, pua nyekundu. Hajafika hata kwenye kiti, akakohoa.

"Naomba maji!" akaimba Refa.

Mtahini akaduwaa. Akamgeukia Mama Kimya akasema, mgonjwa ameanza mwenyewe bila kuombwa! Akamimina maji kwa mkono wake, akampa. Refa ni mtu wa heshima, atakataaje kwa mgeni? Akanywa. Jenereta, kuliona koti langu, akawaka. Refa akaimba. Akapewa maji. Nami kifua kikanikaba, nikakohoa kwa kweli, si kwa hila, wallahi. Refa akaimba. Akapewa maji. Mtahini akakohoa tena. Tulikuwa watu watatu tunakohoa kwa zamu na mtu mmoja anajazwa kama pipa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo safi, tabasamu lake linapungua taratibu. Ameishi na mtu yule miaka mingi. Alikuwa anamsoma. Refa alikuwa amebana magoti, jasho linamtoka.

Nikataka kuimba ili nimkatishe. Upepo. Nikachukua gitaa nililokuja nalo, nikapiga. Vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe, kila waya ulilia kivyake. Mama Kimya alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba. Sijui alikuwa anasali.

Basi, nikaona yote yamekwisha. Nikaliweka gitaa sakafuni. Nikavuta kiti. Nikamshika Refa mkono wa kushoto kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya, na kwa sababu nilitaka kumwomba radhi na sikuwa na sauti. Nikapiga chini, juu. Chini, juu. Nikaacha.

Kimya. Hata Jenereta alikuwa ametulia, Bi Kinanda, aliyekuja kutazama, alikuwa amemtilia pipi mdomoni. Ningekuwa na sauti ningekijaza kimya kile kwa wimbo wowote uliopo duniani. Sikuwa nayo. Nikangoja. Refa akaniangalia, nikamwangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alipokuwa akikunja midomo siku zote zile hakuwa ameshindwa. Alikuwa njiani. Mimi ndiye niliyekuwa nafika kabla yake.

Mtahini akakohoa.

"Na..." akaanza Refa. Akafunga mdomo kwa nguvu. Mkono wake ukaanza kupiga wa kwangu, yeye sasa ndiye anayepiga. Chini, juu. Akauachia, akaingiza vidole mfukoni, akatoa kadi nyekundu. Akainyanyua juu ya kile kikombe, akavuta pumzi, akaimba kwa noti zilezile, wodi nzima ikasikia:

"Sitaki maji!"

Hakuna aliyemfundisha. Si mimi, si kitabu, si mtu yeyote. Kaitengeneza mwenyewe!

Mkewe akaangua kicheko na kilio kwa pamoja. Akasema huyu sasa ndiye mume wangu! Mtu huyu hajawahi kukubaliana na mtu, ndiyo maana walimfanya refa! Refa akamgeukia. Magoti yamebana, macho yamemtoka, na bila mtu kukohoa, bila mkono wa mtu kumgusa, akaimba:

"Mama, njoo!"

Mama akaja. Mfuko ukaanguka, nguo zikatawanyika, akaja mbio, akamshika kwapani, wakaondoka wameshikana kuelekea chooni, yeye analia kwa sauti njia nzima. Ameniita, alikuwa anawaambia watu wa korido. Mmemsikia? Ameniita!

Mtahini akaziba uso na leso. Sasa sikuweza kujua ni mafua au ni nini. Yangu mimi nayajua, yalikuwa machozi, yaliloanisha skafu yote ya shangazi.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Mama Kimya aliniita ofisini. Nimefaulu! Nimefaulu! Mtahini ameandika kwamba ni wachache sana aliowaona wakiweza kumngoja mgonjwa namna ile.

Nikapiga magoti kumshukuru. Akaniambia niinuke, hajamaliza. Kikohozi alikijua tangu Jumatano. Alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Jana baada ya mtihani alimweleza mtahini kila kitu, na mtahini akamjibu kwamba kila mwaka lazima apate mmoja anayekohoa. Nimefaulu kwa kile kimya, si kwa kingine chochote, na kimya chenyewe nilikipata kwa ugonjwa. Kwa hiyo kuna sharti. Refa harudi nyumbani na wimbo wa kikohozi. Nimwondolee, mimi mwenyewe, na kwanza nimwombe radhi.

Nikamwuliza, kwa sauti iliyoanza kurudi, kwa nini bado ananivumilia. Akasema hata yeye anajifunza kungoja, na mimi ni mazoezi mazuri sana. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi muda mrefu. Watu wa namna hii unawalipa nini?

Nikaenda kwa Refa. Nikamweleza yote, kikohozi, dirishani, njama nzima. Alinisikiliza uso umekaza. Akatoa kadi ya njano. Akaifikiria. Akairudisha mfukoni, akanipigapiga shavu kwa mkono wa kushoto. Nililia tena. Jenereta akaniuliza kama pipi zimekwisha.

Ijumaa, tarehe 21 Juni

Refa ameondoka! Wiki nzima tulikaa tunakohoa, mimi, Bi Kinanda na Jenereta, tunangoja, na Refa anajizuia. Mwishowe kila aliyekohoa alionyeshwa kadi ya njano, na wimbo ukafa wenyewe. Leo mkewe amemfuata. Walipofika kwenye ngazi, mama akatangulia kidogo kusudi, akajifanya hasikii. Refa akasimama, akapiga chini na juu kwenye paja lake. "Mama, njoo!" Haikuwa imeimbwa sana. Ilikuwa karibu na kusemwa. Mama akarudi akicheka, akasema kwamba kuanzia leo atashona kwa kusimama-simama ili asikie vizuri.

Kabla ya kuingia kwenye gari Refa akanipigia saluti. Namshukuru yeye kuliko wote. Namshukuru Mama Kimya, Bi Kinanda, shangazi, hata Jenereta kwa kikohozi chake. Nimekuwa mtu mwingine kabisa. Nimejifunza.

Mama Kimya ameniamini tena, nina mgonjwa mpya. Ni mama aliyekuwa mpokeaji simu wa ofisi kubwa, kiharusi vilevile, maneno hakuna. Safari hii nilimwuliza kwanza anataka kusema nini, nikamwonyesha picha mpaka akachagua simu. Sentensi yake ndiyo ileile aliyofanyia kazi maisha yote: "Nani mwenzangu?" Noti mbili, chini na juu. Inapendeza kuliko maji!

Tatizo anachelewa kidogo kujibu, na mwisho wa mwezi kamati nzima inakuja kututembelea. Sitaki Mama Kimya aaibike, baada ya yote aliyonitendea. Nimelifikiri sana jambo hili. Kikohozi lilikuwa kosa. Kila mtu anakohoa, nilikuwa mjinga. Leo nimejaribu kugonga ubavu wa gitaa, mara moja tu, ko! Akaimba palepale. Nani atagonga mbao wodini? Hakuna.

Tena bahati ninayo. Nesi Mkuu ametangaza kwamba kuanzia Jumatatu mafundi seremala wanakuja kubadilisha milango na madirisha yote ya upande wa wanawake, kazi ya mwezi mzima. Vizuri sana. Wakigongagonga wao kutwa, nani ataisikia ko yangu moja? Namshukuru Mungu kwa mafundi wale.